Geuza pakiti: jinsi ya kuchagua baa ya protini iliyo tamu na yenye protini ya kweli

Nikitoka kazini Kariakoo huenda moja kwa moja mazoezini, na hadi nifike nyumbani Kimara ni saa mbili na nusu usiku. Kati ya chakula cha mchana na cha usiku kuna saa saba. Ndani ya saa hizo nimeshakula kila kinachouzwa njiani: mihogo ya kukaanga, sambusa, biskuti, kashata, na hatimaye baa za protini, vile vipande kama vya chokoleti vilivyotiwa unga wa protini, vinavyopangwa karibu na mahali pa kulipia supamaketi, kwenye maduka ya dawa na kaunta za jimu. Baa moja mara nyingi inazidi bei ya sahani ya wali maharage kwa mama ntilie. Anayetoa pesa hiyo anastahili kupata alichoahidiwa, na anastahili kukifurahia mdomoni pia.

Nianze na jambo ambalo lingeniokolea pesa nyingi kama ningelijua mapema. Ndani ya baa, protini na utamu huvutana. Unga wa protini hunyonya maji, hukausha mdomo na una uchungu wake, kwa hiyo kadiri kiwanda kinavyoongeza protini ndivyo kinavyolazimika kuongeza vitu vingine vya kuificha. Usikimbilie namba kubwa kuliko zote kwenye rafu. Baa nyingi nilizozipenda na kurudi kuzinunua zina protini gramu 10 hadi 15. Zile za gramu 20 na kuendelea nyingine ni nzuri, ila zinahitaji uchaguzi makini zaidi.

Hatua ya kwanza: jua unaziba pengo gani

Mtu mzima mwenye afya anahitaji angalau gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 65 anahitaji gramu 52, na anayefanya mazoezi mazito anahitaji zaidi ya hapo. Hesabu ulichokwisha kula: kikombe cha maziwa kina gramu 8 hivi, yai moja gramu 6, bakuli la maharage yaliyopikwa la gramu 200 lina kama gramu 17. Aliyekula maharage au dagaa mchana hayuko mbali na lengo, na gramu 10 hadi 15 za jioni zinamtosha kabisa. Mwenye maradhi ya figo azungumze kwanza na daktari wake, maana kwake kuongeza protini kunaweza kuwa na madhara.

Hatua ya pili: geuza pakiti, piga hesabu

Mbele ya pakiti ni tangazo. Habari iko nyuma, kwenye jedwali dogo.

Siku moja nilimuuliza muuzaji, "Kaka, hii ina protini gramu ngapi?" Akaniangalizia kwa heshima zote: "Thelathini, dada." Nikalipa. Nilipofika kituoni nikaisoma mwenyewe. Thelathini ilikuwa kwa kila gramu 100, na baa yenyewe ilikuwa na uzito wa gramu 35. Nilichokuwa nacho mkononi ni gramu 10 na nusu. Muuzaji hakunidanganya, alisoma safu ya kwanza ya jedwali. Wewe tafuta safu ya baa moja. Kama haipo, chukua protini ya gramu 100, zidisha kwa uzito wa baa, gawanya kwa 100.

Kisha linganisha protini na kalori. Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, sawa na wanga, wakati gramu moja ya mafuta hutoa 9. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 1924 ya mwaka 2006, unaruhusu chakula kuandikwa kuwa kina protini nyingi iwapo tu angalau asilimia 20 ya kalori zake zinatoka kwenye protini. Kwa kuandikwa kuwa ni chanzo cha protini, kiwango ni asilimia 12. Hata kama baa yako haikutoka Ulaya, kipimo hiki ni kizuri na unaweza kukitumia papo hapo ukiwa umesimama mbele ya rafu: zidisha gramu za protini kwa 20. Jibu likiwa chini ya idadi ya kalori, hiyo si baa ya protini nyingi, hata kama neno protini limeandikwa kwa herufi kubwa kama kidole.

Chukua baa ya protini gramu 6 na kalori 220. Sita mara ishirini ni 120, iko mbali sana na 220. Hiyo ni chokoleti yenye karanga, na ukiitaka kwa utamu wake inunue kwa bei ya chokoleti. Nyingine ina gramu 12 na kalori 210. Kumi na mbili mara ishirini ni 240, imevuka. Ikiwa gramu 20 na kalori 200, basi asilimia 40 ya kalori zake ni protini, na hapo ndipo uanze kujiuliza wameifichaje ladha.

Pakiti kutoka Afrika Kusini mara nyingi huandika nishati kwa kilojuli, kwa alama ya kJ. Gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Kipimo hichohicho kilinifungua macho kuhusu kashata, ambazo nimekula tangu utotoni na nitaendelea kuzila. Karanga zenyewe zina protini gramu 26 hivi katika gramu 100, lakini kwa sababu ya mafuta yake ni karibu asilimia 18 tu ya kalori zinazotoka kwenye protini. Ukizichanganya nusu kwa nusu na sukari, kipande cha gramu 40 kinabaki na protini gramu 5 na kalori zaidi ya 190, na nusu ya uzito wake ni sukari. Yai la kuchemsha la mtaani lenye kachumbari na chumvi linaipita kashata kwa mbali: gramu 6 kwa kalori 70 na kidogo. Siku nikiliona yai kabla ya kuiona baa, nanunua yai.

Hatua ya tatu: uliza protini imetoka wapi

Viambato huorodheshwa kwa uzito, kile kilicho kingi kwanza. Kwenye baa ya kweli, chanzo cha protini kiwe miongoni mwa vitu vitatu vya mwanzo. Ukikuta sukari, sharubati ya glukosi na mafuta ya mawese ndiyo yanayoongoza, na protini iko nyuma yao, rudisha rafuni.

Protini ya maziwa ndiyo utakayoikuta zaidi, na neno la kulitafuta kwenye lebo ni whey. Ni majimaji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini. Lita 10 za maziwa hutoa kilo moja hivi ya jibini, na karibu zote zinazobaki ni majimaji hayo. Zamani viwanda vilikuwa vikiyamwaga mtoni au kuyapeleka kwa nguruwe. Leo huchujwa na kukaushwa kuwa unga wa bei ghali. Ni protini kamili, yenye asidi amino (vipande vinavyounda protini) zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na ladha yake ni nyepesi kuliko nyingi. Shida yake ni laktosi, ile sukari ya maziwa ambayo watu wazima wengi wa kwetu hawaimeng'enyi vizuri. Kama glasi ya maziwa inakujaza tumbo gesi, tafuta lebo inayosema whey isolate, iliyochujwa hadi laktosi ikabaki kidogo sana.

Soya ndiyo protini ya mimea iliyo bora zaidi kwenye rafu. Protini ya njegere nayo ni nzuri, ila ina ladha ya udongo inayokaa nyuma ya ulimi. Ute wa yai uliokaushwa hutumika kwenye baa za tende na karanga, na hizo mimi nazipenda sana.

Sasa kuhusu kolajeni na jelatini. Hizi zinatokana na ngozi na mifupa, mara nyingi ni za bei nafuu kuliko whey, na zinaipandisha namba ya protini kwenye pakiti bila kuharibu ulaini wa baa, ndiyo maana viwanda vinazipenda. Lakini kolajeni haina kabisa triptofani, mojawapo ya zile asidi amino za lazima, na ikipimwa peke yake kwa kipimo cha ubora kilichopitishwa na FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, hupata sifuri. Si sumu, wala haikosi kazi ukiila pamoja na vyakula vingine. Ila baa ya gramu 20 ambazo nusu yake ni kolajeni usiilipie bei ya gramu 20 za maziwa. Marekani wameliona hili: kampuni ikijitangaza kuwa na protini nyingi, lazima ioneshe asilimia ya mahitaji ya siku iliyopunguzwa kulingana na ubora. Kwa hiyo kwenye pakiti ya Marekani itazame asilimia hiyo. Gramu 20 zenye ubora kamili zingeonesha asilimia 40. Ukikuta 20 au 15, umejua. Na kwa Waislamu, jelatini na kolajeni huweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe, hivyo tafuta alama ya halali, usiridhike na neno la muuzaji.

Hatua ya nne: angalia utamu umetoka wapi

Hapa ndipo tumbo hukumbana na mambo. Baa nyingi zisizo na sukari hutiwa vitamu vya jamii ya polioli, hasa maltitoli. Maltitoli ina ladha karibu sawa na sukari, lakini sehemu kubwa yake haifyonzwi, inafika utumbo mpana na kuchachuka huko. Matokeo ni gesi, kuunguruma, na kwa wengine kuharisha. Pakiti za Ulaya zenye zaidi ya asilimia 10 ya vitamu hivyo zinalazimika kuandika onyo hilo, kwa herufi ndogo chini kabisa. Nilikula baa mbili za namna hiyo kabla ya safari ya basi kwenda Morogoro na sikupata raha mpaka tulipofika Chalinze. Tangu hapo maltitoli ikizidi gramu 10 kwenye baa moja, siichukui, na kamwe siijaribu baa mpya siku ya safari au ya mashindano.

Eritritoli, polioli nyingine, haisumbui tumbo sana, ila huacha ubaridi mdomoni kama pipi ya minti. Ndani ya baa ya minti inapendeza. Ndani ya baa ya karanga inashangaza. Vitamu vikali kama sukralosi na stevia hutiwa kidogo sana, na kuna watu huzisikia kama uchungu mwishoni na wengine hawasikii chochote, kwa hiyo ulimi wa rafiki yako si kipimo chako.

Na sukari ya kawaida? Siikatai. Baa ya tende yenye sukari gramu 13 inayotoka kwenye tende zenyewe, kwangu ni bora kuliko ya sukari gramu 1 yenye maltitoli 18. Mwenye kisukari ana hesabu tofauti: aangalie wanga wote, asisome mstari wa sukari peke yake, maana maltitoli nayo hupandisha sukari ya damu, ingawa si kwa kasi ya sukari yenyewe.

Hatua ya tano: kisia ladha kabla ya kufungua

Baa za protini ziko za makundi, na ukilijua kundi utakisia ladha hata kabla hujafungua.

Kuna zile nzito za kutafuna, protini ya maziwa iliyoshikanishwa na sharubati ya nyuzinyuzi. Mfano unaojulikana duniani ni Quest ya Marekani, baa ya gramu 60 yenye protini gramu 20 hivi. Zina mvutano kama wa ubani. Ukiipasha sekunde 10 kwenye maikrowevu inalainika na kuwa kama keki iliyotoka jikoni, na huo ndio ushauri ninaoutoa kwa kila anayesema hazipendi. Kuna za matabaka, laini ndani, karameli juu, kisha chokoleti na vipande vinavyokatika meno yakigusa. Grenade ya Uingereza ni ya kundi hili. Kwa mtu anayekula baa ya protini kwa mara ya kwanza ningeanza naye hapa, kwa kuwa ndizo zinazokaribia peremende anayoijua. Kuna za tende, kama RXBAR iliyoanzia Chicago mwaka 2013, zenye protini gramu 12 kutoka ute wa yai na karanga, nzito na za kunata. Mtu wa pwani aliyekua na tende za Ramadhani hahitaji kushawishiwa. Na kuna za njugu nzima zilizoshikanishwa kwa asali, tamu kuliko zote, lakini nyingi huanguka kwenye hesabu ya mara ishirini.

Ladha iliyoandikwa nayo ina siri yake. Protini ya mimea nunua ya chokoleti au karanga, kwa sababu uchungu wa kakao na harufu ya kukaanga huufunika ule udongo. Vanila na matunda huuanika. Chumvi kidogo ni dalili njema: baa yenye chumvi ya kutosha huonekana tamu zaidi bila kuongezewa kitamu.

Hatua ya sita: iguse

Joto la Dar, Mombasa au Tanga halizihurumii baa hizi. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, na kontena lililokaa juani bandarini hupita hapo bila shida. Chokoleti ikayeyuka, ikaganda tena, inatoka na mabaka meupe. Haidhuru, ila mng'ao na utamu wake vimeondoka. Protini nayo hukakamaa kadiri siku zinavyopita, na joto huharakisha, kwa sababu maji ndani ya baa yanahama na protini zinashikana zenyewe kwa zenyewe na sukari. Baa iliyo ndani ya muda wake inaweza kuwa ngumu kama soli ya kiatu.

Kwa hiyo ikunje kidogo ndani ya pakiti yake. Ikipinda, nzuri. Ikikataa kabisa, au ukisikia imejitengeneza umbo lisilo lake, iache. Chukua zilizo nyuma ya rafu, mbali na dirisha, na tarehe ya mwisho iwe miezi minne au zaidi mbele. Angalia pia alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Pakiti isiyo na jina la mwagizaji wala alama yoyote huna pa kulalamikia.

Hatua ya saba: nunua moja

Jimu niliyokuwa naenda zamani iliniuzia boksi la baa 12 kwa punguzo. Ya kwanza niliimaliza kwa shida, kumi na moja zilizobaki niliziangalia kwa miezi. Nunua moja, uile siku ya kawaida ukiwa na njaa ya kawaida, na glasi ya maji pembeni kwa sababu nyuzinyuzi na protini zinayahitaji. Subiri saa mbili. Tumbo limetulia? Njaa imekaa mbali? Bado ungeitaka kesho? Ukijibu ndiyo mara tatu, sasa boksi lina maana.

Na ukitaka kutengeneza mwenyewe

Baada ya mizunguko yote hiyo, za siku za kazi sasa natengeneza nyumbani Jumapili. Zinatoka 12.

Tende zilizotolewa kokwa gramu 150. Siagi ya karanga isiyo na sukari gramu 100. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta gramu 200. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu gramu 80. Ufuta uliokaangwa gramu 30. Iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, na chumvi robo kijiko.

Karanga ndizo za kuchagua kwa macho mawili, kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, hudhuru ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Chambua kwenye ungo: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika zenye vumbi la kijani au kijivu, zote nje. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme na uzikague upya zilizobaki. Siagi ya karanga nayo nunua kwa mtengenezaji mwenye alama ya ubora, au saga mwenyewe.

Loweka tende kwenye maji ya moto dakika 10, zichuje lakini maji usiyamwage. Saga tende ziwe laini, changanya na siagi ya karanga, iliki na chumvi. Tia maziwa ya unga kidogokidogo huku ukikanda. Mchanganyiko ukikataa kushikana, ongeza maji ya tende kijiko kimoja kimoja, kwa kawaida vitatu hadi vitano vinatosha. Mwishoni tia karanga na nusu ya ufuta. Tandaza kwenye trei uliyoipaka mafuta, unene wa kidole, gandamiza kwa chini ya kikombe, nyunyiza ufuta uliobaki. Friji saa mbili, kisha kata.

Kila kipande kina protini karibu gramu 10 na kalori 200 hivi, kwa hiyo hesabu ya mara ishirini inapita kwa kugusa mstari. Ukitumia maziwa ya unga yenye mafuta yake, ambayo ndiyo yaliyojaa madukani, ladha inakuwa nono zaidi lakini protini inashuka hadi asilimia 16 ya kalori. Asiyepatana na maziwa atumie unga wa soya. Soya lazima iwe imekaangwa vizuri kabla ya kusagwa, mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini yenyewe, na hapo iliki ongeza iwe kijiko kizima.

Kila kipande kizungushie karatasi ya nailoni. Kwenye friji vinakaa wiki moja, kwenye begi nusu siku. Mimi hubeba kimoja, nakila saa kumi na moja jioni nikisubiri basi la mwendokasi.